Mnyaturu Aliyezaliwa Glasgow

Mnyaturu wa kwanza kuzaliwa Glasgow, kwa ninavyojua mimi, hakuwa mtu. Alikuwa kichwa cha treni. Namba yake 3020, jina lake Nyaturu, na siku hizi amestaafu Nairobi, kwenye makumbusho ya reli. Amekaa pale kama mzee aliyetolewa nje asubuhi aote jua, kisha wenye nyumba wakasahau kumrudisha ndani.

Nilimkuta kwa bahati tu. Nilikuwa na saa nne za kusubiri basi la kurudi Arusha, jua linawaka, nikaona heri nilipe kiingilio cha makumbusho kuliko kukaa mgahawani ninywe soda tatu nisizozitaka. Nikawa napita katikati ya machuma, nasoma vibao kimoja kimoja, mara macho yakagota kwenye jina la kabila la mama yangu. Nikapiga picha, nikamtumia Mjomba aliyeko Tabora. Hakuandika jibu. Alinitumia sauti, na kabla hajasema lolote alicheka kwanza.

“Huyo ndiye aliyemtesa babu yako maisha yake yote.”

Babu mzaa mama alikuwa faya. Alitoka Singida kijana, akafuata reli hadi Tabora, na reli ikamweka huko mpaka pensheni. Watu wakisikia faya wanadhani ni mtu wa kusukuma makaa kwa koleo, lakini vichwa alivyofanyia kazi Babu vilichoma mafuta mazito. Kazi yake ilikuwa kucheza na vali, kuangalia maji ya boila, na kuusoma moshi. Ukiwa mweusi ti, mafuta yamezidi hewa. Ukipotea kabisa, hewa imezidi mafuta. Dereva mzuri, alisema Babu, anataka moshi wa rangi ya panya. Na kila baada ya mwendo fulani faya anatupa mchanga ndani ya tanuri, unavutwa na moto na kusugua masizi kwenye mabomba, halafu bomba la juu linatapika wingu jeusi ambalo wanawake wenye nguo kwenye kamba hawakulisamehe.

Sasa, East African Railways walikuwa na vichwa vya klasi ya 29, vilivyoanza kuingia mwaka 1951, na vya klasi ya 30 vilivyofuata katikati ya miaka hiyo ya hamsini. Hivi walivipa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Pale pale Nairobi, jirani na Nyaturu, kuna namba 2921, Masai of Kenya. Babu akapangiwa makabila ya watu miaka nenda rudi. La kwake, hata siku moja. Aliliona Nyaturu likipita, akalipungia mkono, basi. Hilo ndilo teso lenyewe.

Utani ule una upande wake mwingine. Ilikuwa enzi ya mkoloni, na jina la kabila kwenye kichwa lilikuwa pambo. Tulitangulia kupata majina mbele ya treni, watu wetu wakachelewa sana kukalia viti vya daraja la kwanza nyuma yake.

Lakini hadithi ya Babu haikuishia kwenye jina. Ubavuni mwa vichwa hivyo kulikuwa na kibao cha shaba, na kwenye kibao jina la kampuni, North British Locomotive, na jina la mji. Babu alilitamka Gilasigo. Katika ukoo wetu mji huo ni Gilasigo mpaka leo, na neno lenyewe limekuwa sifa. Kitu kisichovunjika ni cha Gilasigo. Bibi alikuwa na sufuria nzito, nina hakika ilinunuliwa Kariakoo, nayo ilikuwa ya Gilasigo.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma Uingereza mwaka 2019, na barua ikasema Glasgow, hakuna aliyeuliza ni kozi gani. Mjomba alisema tu, “Nenda ukaangalie kiwanda.”

Niliingia Glasgow kwa treni kutoka London, na namshauri kila mtu aingie hivyo. Dakika za mwisho treni inapunguza mwendo, inapanda daraja pana juu ya mto Clyde, unaona maji pande zote mbili, halafu unamezwa na paa la vioo. Hiyo ni Glasgow Central. Ilifunguliwa tarehe 1 Agosti 1879 na kampuni ya Caledonian Railway, ikawa ndogo kabla rangi haijakauka, wakaipanua kati ya mwaka 1901 na 1905 hadi ikafika majukwaa 13.

Nilichokiona kwanza hakikuwa ukubwa. Ni kwamba nilikuwa na masanduku mawili, umati wa jioni, na sikugongana na mtu. Baadaye nikaelewa kwa nini. Mhandisi wa upanuzi ule, Donald Matheson, alishikilia kwamba watu hutembea kama maji, wakifuata njia yenye kikwazo kidogo. Basi yeye na msanifu James Miller wakajenga vibanda na ofisi za ndani kwa mbao, na wakazifanya zote ziwe na kona za mviringo. Hakuna pembe kali. Umati unateleza pembeni mwa kuta zile kama mto unavyozunguka jiwe. Kimojawapo cha vibanda hivyo kilikuwa ubao wa matangazo: ghorofani, nyuma ya madirisha makubwa, wafanyakazi walipanga kwa mikono vibao vya majina ya vituo, na abiria waliosimama chini walisoma kule juu. Nikiwaza mtu aliyelipwa kubadilisha majina ya miji dirishani siku nzima, naona ile ni kazi ambayo ningeiweza.

Katikati ya ukumbi inaning'inia saa. Ukiwa Glasgow na mtu akikwambia tukutane stesheni, ni chini ya saa, haihitaji maelezo. Hata sisi tunaitumia. Tangu mwaka 2000 hivi Glasgow imepokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo, kwa hiyo Kiswahili cha kwanza kunikaribisha mjini hakikuwa cha nyumbani. Kilikuwa cha mama mmoja wa Uvira niliyemfahamu kanisani. Ananiita dada ingawa ni sawa na mama yangu, na mimi namwita mama ingawa anakataa. Ujumbe wake huwa mfupi: “Tuonane ku saa.” Kila mara anafika kabla yangu, amevaa kitenge juu ya koti la baridi, na anaanza kunisema kwamba Watanzania tunaongea kizuri lakini hatufiki.

Hatukuanza sisi kuifanya stesheni ile kuwa kijiwe. Toka mlango wa chini uingie barabara ya Argyle, utajikuta chini ya reli zenyewe: daraja la stesheni linapita juu ya barabara, limezibwa kwa vioo na nakshi za chuma, na chini yake kuna maduka na giza la kudumu. Wenyeji wanaliita Hielanman's Umbrella, yaani mwavuli wa mtu wa nyanda za juu. Karne ya 19 watu wengi wa kaskazini mwa Scotland walipoteza mashamba, wenye ardhi wakitaka kufuga kondoo, wakashuka Glasgow kutafuta kazi. Lugha yao ilikuwa Kigaeli. Hawakuwa na ukumbi wala kilabu, na mvua ya mji huu mnaisikia tu. Basi jioni za mwisho wa wiki walikusanyika chini ya daraja, wakaulizana habari za kwao, nani kafa, nani kaoa, wapi kuna kibarua. Nilipousoma mkasa huo nilirudi nikasimama pale kwa makusudi, nikiwa na mfuko wa ndizi mkononi, mabasi yananipulizia moshi. Nilisikia Kipolandi, nikasikia Kiarabu, nikasikia vijana wawili wa hapahapa wakigombana kwa Kiingereza ambacho hadi leo nakielewa nusu.

Na chini zaidi kuna stesheni nyingine. Majukwaa ya chini yalifunguliwa 1896, moshi wa treni za mvuke ukiwa haupati pa kutokea, hivyo abiria wakitoka weusi kama mafundi. Yalifungwa 1964, yakalala miaka 15, yakafufuliwa Novemba 1979 kwa treni za umeme. Wanaotembeza wageni kwenye vyumba vya chini husimulia habari za vita vya kwanza vya dunia, kwamba maiti za askari ziliteremshwa huko na familia zikaja kuzitambua. Mwongozaji wetu aliacha kusema kwa dakika nzima. Nilisikia treni ikipita juu ya vichwa vyetu na vumbi kidogo likaanguka kwenye koti la mtu aliyekuwa mbele yangu. Sikuuliza swali.

Kuelewa Glasgow ya reli, fikiria zamani za kila kampuni ya basi na stendi yake. Caledonian walikuwa na Central upande wa kusini na Buchanan Street upande wa kaskazini. North British Railway, ambao msiwachanganye na wale watengeneza vichwa wa Babu, walikuwa na Queen Street. Glasgow and South Western walikuwa na St Enoch. Stesheni kuu nne ndani ya mwendo wa miguu, kila kampuni ikitaka abiria asiione ya mwenzake. Matokeo yake yapo hadi leo. Ukitoka kusini ukashukia Central na unataka kwenda kaskazini, hakuna reli ya abiria inayokuvusha kati ya stesheni hizo mbili. Unatembea. Mara ya kwanza nilitembea na sanduku lenye gurudumu moja bovu, mvua ya pembeni, nikawalaani watu waliokufa miaka mia moja iliyopita.

Queen Street ndiyo kongwe, ya 1842, na ina tabia yake. Ukitoka tu jukwaani treni inaingia handaki na kupanda mlima mkali kuelekea Cowlairs, mita moja juu kwa kila mita arobaini na ushee mbele. Vichwa vya zama zile havikuweza kuvuta mabehewa mahali pale, kwa hiyo juu ya mlima waliweka mtambo wa mvuke usiotembea, wakavuta treni kwa kamba. Treni yenye moto wake, maji yake na dereva wake, inavutwa kama ndoo ya kisimani! Na kamba ile ilidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi Queen Street ina uso mpya wa vioo, safi, unapendeza. Sina neno nao.

Neno ninalo na St Enoch.

Ilifunguliwa 1876. Paa lake la mwanzo lilikuwa upinde mmoja mkubwa wa chuma na vioo, na mbele yake hoteli ya mawe iliyojaa minara. Mwaka 1879, wakati sehemu kubwa ya dunia inasoma kwa mshumaa, stesheni hii iliwaka taa za umeme. Kisha ikaja miaka ya sitini. Mwaka 1963 ilitoka ile ripoti maarufu ya Beeching iliyopendekeza kukata maelfu ya maili ya reli Uingereza nzima, na Glasgow ikaamua kwamba stesheni nne ni anasa. St Enoch ikafungwa tarehe 27 Juni 1966, Buchanan Street ikafuata Novemba mwaka huohuo. Ya Buchanan Street nakubali, kwa picha nilizoona ilikuwa kama ghala lililopewa ratiba. Lakini St Enoch! Wakaifanya maegesho ya magari. Magari yakalala chini ya upinde ule miaka kadhaa, halafu mwaka 1977 wakabomoa vyote, stesheni na hoteli.

Mwaka 1977, kwa msomaji wa kwetu, una uchungu wake. Ndio mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na shirika la reli la Babu likakatwa vipande vitatu. Mali ikabaki ilipokutwa. Ndiyo maana Mnyaturu wetu amezeekea Nairobi.

Leo mahali pa St Enoch pana duka kubwa la vioo, lilifunguliwa 1989. Watu wazima wakilitazama husema paa lake limeiga la stesheni. Mimi nanunua soksi humo na sijawahi kuona kufanana. Saa ya stesheni ilihamishiwa mji wa jirani, Cumbernauld, nayo inaning'inia ndani ya duka jingine. Kilichobaki mahali pake ni kijumba cha mawe mekundu katikati ya uwanja, kazi ya yuleyule James Miller, kilichokuwa mlango na ofisi ya reli ya chini ya ardhi. Sasa kinauza kahawa.

Reli hiyo ya chini, Subway, ni hadithi ya kuchekesha. Ni duara moja tu lenye vituo 15, kilomita kumi na nusu. Treni moja inazunguka kulia, nyingine kushoto, na ukisinzia unarudi ulikotoka bila hasara. Ilifunguliwa tarehe 14 Desemba 1896, ikapata ajali siku hiyohiyo, ikafungwa, ikarudi Januari. Mwanzoni haikuwa na injini yoyote ndani ya treni. Kamba ndefu ya chuma ilizunguka mfululizo chini ya mji ikisukumwa na mitambo ya mvuke, na treni iliikamata kwa koleo ikitaka kwenda na kuiachia ikitaka kusimama. Umeme ulikuja 1935. Ajabu zaidi, mpaka miaka ya sabini duara lile halikuwa na njia ya kuchepukia. Behewa likiharibika lilinyanyuliwa na kreni kupitia shimo, pale Govan, likapandishwa karakana iliyokuwa juu ya ardhi, kama mtoto anayetolewa beseni.

Mabehewa yake ni madogo hivi kwamba mtu mrefu anainama. Nilidhani reli yenyewe ni nyembamba kama yetu. Nikasoma vipimo nikacheka. Upana kati ya vyuma vya Subway ni milimita 1,219. Reli ya Kati ya Babu ni milimita 1,000. Yaani Nyaturu, lile dubwana, lilikuwa linatembea kwenye njia nyembamba kuliko kitreni hiki cha chungwa ambacho mama wa Uvira anakiita sanduku! Nilimpigia Mjomba kumweleza. Alinyamaza kidogo akasema, “Kwa hiyo sisi tulikuwa tunatembea kwenye kamba.” Nikamwambia SGR ya sasa ina milimita 1,435, sawasawa na ya Waingereza, na vichwa vyake vimetoka Korea Kusini. “Gilasigo hawatengenezi tena?” Hapo nilikuwa nimejiingiza mwenyewe.

Kabla ya kujibu, nipite kwenye tramu, maana nazo zina mlango wangu wa kuingilia. Glasgow ilianza na tramu za farasi 1872, halmashauri ya mji ikazichukua mwaka 1894 na kuzitia umeme miaka michache baadaye. Hadi karibu na mwaka 1938 kila tramu ilikuwa na mkanda wa rangi kwenye ghorofa yake ya juu, kijani, njano, bluu, nyekundu, nyeupe, kuonyesha inaelekea njia zipi. Aliyewahi kukimbilia daladala Dar akitazama rangi ya ubavuni, kabla hata ya kusoma Mwenge au Mbagala, hahitaji tafsiri. Wakati wa vita vya kwanza, wanaume wakiwa mstari wa mbele, wanawake ndio waliokata tiketi, wakivalia sketi za mirabaraba ya Kiskoti. Na tramu za mwisho zilipopita barabarani, tarehe 4 Septemba 1962, robo milioni ya watu walisimama kwenye mvua kuziaga. Wengine waliweka sarafu kwenye reli ili zibanwe na magurudumu, wakabaki na kumbukumbu.

Mwaka huohuo, 1962, kiwanda cha Babu kilifilisika.

Nilichelewa kwenda Springburn. Nadhani niliogopa. Ni kaskazini mwa mji, juu ya kilima, dakika chache tu kwa treni kutoka Queen Street. Zamani kulikuwa na karakana nne za vichwa na mabehewa mahali pamoja: Cowlairs, St Rollox, Hyde Park na Atlas. Mwaka 1903 wenye Hyde Park na Atlas wakaungana na wenzao wa Polmadie, upande wa kusini wa mto, ikazaliwa North British Locomotive. Wafanyakazi kama 8,000. Hakukuwa na kampuni kubwa kuliko hiyo ya kutengeneza vichwa vya treni Ulaya nzima, na wateja wake walikuwa India, Afrika Kusini, Argentina, Misri, na kwetu.

Kichwa kikikamilika hakikuondoka kwa reli, maana cha kwetu upana wake ni mwingine na kingetua wapi? Kilipakiwa kwenye matela na kuvutwa barabarani, kuteremka kilima, kupita kati ya nyumba za watu hadi gati la Clyde. Watoto walitoka kukiangalia. Najaribu kuwaza mtoto wa Springburn, mwaka 1955 hivi, amevaa kaptula, anasoma neno Nyaturu kwenye chuma kinachopita mbele ya mlango wao. Alilitamkaje?

Nilishuka stesheni ya Springburn nikategemea angalau bomba la moshi. Nikakuta barabara ya magari yaendayo kasi imepasua mtaa katikati, duka la chakula, na upepo. Jengo pekee la kampuni nililolikuta ni lile la utawala, barabara ya Flemington, la mwaka 1909, mawe mekundu, tena kazi ya James Miller (huyu mtu alilala saa ngapi?). Juu ya mlango wake mkuu wamechonga kichwa cha treni kwenye jiwe, kinakutazama usoni. Wakati wa vita vya kwanza lilikuwa hospitali ya Msalaba Mwekundu, baadaye likawa chuo. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikalipungia mkono. Ukoo wetu una mazoea hayo.

Kilichowaua kinaelezwa kwa sentensi chache. Dunia ilihamia dizeli, wao walibaki na mvuke muda mrefu mno. Walipohama, dizeli zao zilikuwa na matatizo, na oda nyingine waliziuza kwa hasara ili kiwanda kisisimame. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, na miezi michache baadaye kampuni iliyotengeneza vichwa vyake ikawekwa chini ya mfilisi. St Rollox ilihimili kwa kufanya matengenezo hadi 2019, mwaka niliofika mimi, ikafungwa Julai. Nilikosa kengele yake kwa miezi miwili.

Hapo ndipo nilipomkasirikia mwongozaji mmoja wa makumbusho ya usafiri, Riverside, bila kosa lake. Ndani kuna kichwa kikubwa cheusi kilichotengenezwa Polmadie mwaka 1945 kwa ajili ya Afrika Kusini, namba 3007. Mji ulikirudisha nyumbani mwaka 2007, na watu wanapanda ngazi kukigusa. Nikauliza, na cha Afrika Mashariki? Akasema kwa upole kwamba hawana. Nikataka kumwambia habari za faya, mchanga, na moshi wa rangi ya panya. Badala yake nikanunua kadi ya posta.

Kutoka hapo nilifuata mto kwa miguu kurudi mjini. Nilipita karibu na Scotstoun kwa mawazo tu, iko mbali, kinyume na nilikokuwa naelekea, ambako Yarrow walitengeneza MV Victoria, ikasafirishwa vipande vipande na kuungwa upya Kisumu, ikaanza safari ziwani mwaka 1961. Ukiwa umewahi kuchafukwa na tumbo kati ya Bukoba na Mwanza usiku, basi nawe umelala ndani ya Glasgow.

Mbele nikaikuta kreni ya Finnieston. Huwezi kuikosa. Imesimama peke yake kando ya maji, mkono umenyooshwa, ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya thelathini na ilikuwa na nguvu ya kunyanyua tani 175. Hii ndiyo iliyoshika vichwa vya treni kiunoni na kuviteremsha melini. Nyuma yake zamani kulikuwa na bandari iliyochimbwa ndani, Queen's Dock. Sasa hakuna maji. Kuna kumbi kubwa za mikutano, ndiko ulikofanyika mkutano wa tabianchi wa COP26 mwaka 2021, na Rais Samia alihutubia humo. Nilimwangalia kwenye simu nikiwa kwenye basi, kilomita mbili tu kutoka alipo.

Bandari ile waliifukia kwa kifusi. Na kifusi kilitoka St Enoch. Paa lile, hoteli ile, jukwaa lililotangulia kuwaka umeme, vilibebwa kwa malori hadi mtoni na kumwagwa kwenye dimbwi lililokuwa mlango wa kutokea wa vichwa vya Springburn. Nililisoma hilo mara tatu kabla ya kuamini. Walikuwa na shimo upande mmoja na mawe upande mwingine, na mtu mwenye hesabu nzuri akaona faida.

Nilimpigia Mjomba kwa video. Ilikuwa jioni kwao, taa ya sebuleni imewashwa, amevaa miwani juu ya paji la uso. Nikaigeuza simu taratibu, kutoka chini ya kreni hadi kileleni.

“Hiyo ndiyo iliyompakia?”

“Vingi vilipita hapa, Mjomba.”

“Mbona haina kamba?”

Nikamwambia haifanyi kazi tena, wameiacha kama ukumbusho. Akasogeza uso karibu na kioo, nikaona pua tu. Nyuma yake nilimsikia mtoto akiuliza ni nini hicho, na Mjomba akamjibu bila kugeuka, “Winchi ya Gilasigo.” Halafu akaniambia nisogee kushoto kidogo, nguzo ya taa inamkinga.